TAHADHARI: Visu vya "damaski" vinavyouzwa kwa simu hapa Arusha

Wadau wa Arusha na Moshi, hasa mnaochuna: wa vitalu vya uwindaji, wa machinjioni, hata ninyi wenye mbuzi wenu wa sikukuu. Kuna mtu anapita kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akiuza "visu vya kuchunia vya damaski". Picha ni ile ile kila mara: kisu kimelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ubapa una mawimbi kama maji, mpini wa pembe. Anaanzia 120,000, ukibembeleza anashuka hadi 85,000. Mimi nililipa 85,000 nikajiona mjanja.

Huu ni mwaka wa tisa nachuna kwa kampuni ya uwindaji, kwa hiyo aibu yangu ni kubwa kuliko ya mtu aliyenunua kisu cha kumenyea viazi.

Niliomba nikione kwanza. Akasema duka liko karibu na Mnara wa Saa ila siku hiyo wanahesabu mzigo, boda atakileta. Kweli, dogo akanifuata Sakina na kisu kwenye gazeti, pamoja na kisumaku kidogo. Muuzaji yuko hewani: "Mzee wangu, weka sumaku hapo ubapani. Umeona? Hainasi. Hiyo ndiyo stenles yenyewe, haishiki kutu hata ulale nayo kwenye damu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumrudishia dogo mzigo wake. Stenles ya visu inanasa sumaku. Ile isiyonasa ni ya vijiko na masufuria, nayo haikazwi kwa moto, kwa hiyo makali yake hayadumu. Halafu damaski ni vyuma vya aina tofauti vilivyopangwa tabaka na kufuliwa pamoja motoni. Nayo inanasa. Yaani kwa kinywa kimoja aliniuzia damaski na chuma kisichonasa sumaku, vitu viwili visivyokaa kwenye kisu kimoja, nami nikaitikia "sawa sawa" na kutuma hela.

Tulipata nyati mwezi wa saba. Mguu wa kwanza ulikwenda vizuri, maana kilikuja na makali ya kiwandani. Wa pili kikaanza kuburuza. Kisu kikiburuza unasukuma, na ukisukuma unateleza. Nikatoboa ngozi ya bega, ile ile mgeni aliyotaka kwenda kuipachika ukutani kwake. Bosi hakusema neno. Aliniangalia tu. Ndoano ya mgongoni mwa kisu, ya kupasulia tumbo bila kugusa utumbo, haikuwa imenolewa hata kidogo. Ilikuwa pambo.

Nikakipeleka kwenye jiwe. Kabla sijafika mikwaruzo kumi, mawimbi yote yameondoka kama piko iliyochakaa. Nikarudi kazini, mpini ukazunguka mkononi, kisu kikanichana katikati ya gumba na kidole cha shahada. Nilipokibomoa jioni nikakuta msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, una urefu wa pingili moja ya kidole, umeshikwa na gundi tu.

Sasa, akikufuata (maana atakufuata), geuza kisu utazame mgongo wake. Kwenye damaski ya kweli mistari inapanda kutoka ubapani na kuvuka mgongo, kwa sababu imo ndani ya chuma. Mgongo ukiwa mweupe mtupu, mawimbi yamechorwa tu. Sumaku ikinasa si uthibitisho wa ubora, hata msumari unanasa; lakini isiponasa, ondoka. Ukiwa na tupa, gusa makali karibu na mpini: chuma kilichokazwa tupa huteleza au hukwangua kwa shida, chuma laini inakila kama muwa. Na msuka nautaka ufike mwisho wa mpini, uonekane kwa macho, na ribiti zake, zile pini za kuushikilia mpini.

Urefu usikudanganye. Chake kilikuwa inchi saba, kinatisha kwenye picha. Kuchuna kunataka inchi tatu hadi nne, ncha isiyochongoka sana ili isitoboe ngozi, na mpini usioteleza ukishaloa mafuta. Mpini wa pembe uliong'arishwa ni wa kutundika sebuleni.

Siku hizi natumia kisu cha springi ya gari nilichofuliwa na mhunzi wa Mamba, kule njia ya Marangu. Elfu ishirini na tano. Si kizuri kwa sura, na kinashika kutu ukikizembea, kwa hiyo nakiosha, nakikausha, nakipaka mafuta ya kula. Nyati mzima nakinoa mara mbili tu.

Nilipomwandikia yule bwana anirudishie pesa, alisema nimekinoa vibaya. Nikamtumia picha ya msuka, akanizuia. Wiki mbili baadaye nikaiona ile ile picha ya kisu juu ya ngozi kwenye kundi la wafuga mbuzi, jina jipya, namba mpya, na maneno "mzigo wa mwisho". Aliyekwishalipa asifute meseji wala risiti ya muamala. Ripoti namba yake kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nenda polisi nazo. Mimi nimeshakwenda, na kisu nimewaachia kama kielelezo. Kisumaku nimebaki nacho.