Waliniuzia alteneta, kumbe ugonjwa uko chini ya rangi

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Imekataa kupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nina ekskaveta moja tu, na ndiyo inayonilishia nyumba. Inachimba moramu na kupakia malori huku Tororo, mashariki mwa Uganda. Wakati fulani baada ya mvua niliipeleka Kampala kwenye gereji kubwa, ya geti na mlinzi na risiti za kompyuta. Wakabadilisha raba zinazobeba injini, wakaziba mafuta yaliyokuwa yakivuja kwenye pampu, wakaipiga rangi upya. Ilirudi juu ya lobedi, lile trela la kubebea mashine, iking'aa, nami nikawasifu kwa kila mwenye mashine ninayemjua. Mjue basi kwamba sikuanza na chuki.

Haukupita muda mrefu mashine ikaanza kugoma asubuhi. Stata, ile mota ya kuwashia injini, inajikokota mara mbili tatu, kisha kimya. Ukiibusti kwa betri za lori inawaka, inapiga kazi vizuri, lakini ukiizima watu wale chakula cha mchana, hapo umeumia. Taa ya chaji kwenye dashibodi haituonyeshi lolote, imezimika kama mashine nzima. Na malori yamepanga foleni, kila dereva ananitazama mimi.

Nikawapigia simu. Wakamtuma fundi wao wa umeme kwa pikapu, zaidi ya kilomita 200, mafuta juu yangu. Alishuka na ovaroli safi na mita ya bei. Akaweka nyaya za mita kwenye betri, injini inanguruma, akasoma volti 25 na kidogo. Mashine ya volti 24 yenye afya, hapo ungetaka kuona karibu 28. "Alteneta imekwisha, mzee wangu," akasema, yaani kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kichaji betri. Mkanda unaoizungusha hakuushika hata kwa kidole. Halafu akafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka damu inachemka: akachomoa waya wa betri huku injini inazunguka, eti athibitishe. Umeme wa alteneta ukikosa betri ya kuutuliza unaruka juu ghafla na kuua dayodi zilizo ndani yake, au kuua kitu kingine cha gharama zaidi. Hata vijana wa boda boda hapa kituoni wanajua hilo.

Alteneta mpya ikafungwa. Ile ya zamani akaitupa nyuma ya pikapu, akasema ni chuma chakavu. Sasa sikilizeni vizuri, maana kesi yote iko hapa. Ile ya zamani aliipima kwenye betri. Hii mpya akaipima mgongoni mwake yenyewe, waya mmoja kwenye nati ya kutolea umeme, mwingine kwenye bodi ya alteneta. Mita ikasoma 28.2. "Umeona? Mita haidanganyi." Nikalipa. Kurudi kupima kwenye betri, hakurudi.

Siku chache tu, mashine ikalala tena.

Safari ya pili akaja na jibu jipya: betri ndizo zimekufa. Betri mbili mpya, pesa tena. Ukijumlisha na alteneta ni zaidi ya milioni tatu za shilingi, na mafuta ya pikapu mara mbili sijayatia humo. Hapo ndipo opereta wangu akasogea. Ni kijana mpole, Mjapadhola wa hapa hapa, huwa hasemi mpaka aulizwe. Akamwambia fundi kwa Kiswahili, maana ndicho tunachosemeshana wote saiti: "Kaka, nikipiga stata, kebo ya kuzimia injini inachemka. Jana imeniunguza mkono."

Fundi hakuinua hata macho. "Wewe kazi yako ni kuvuta leva. Umeme waachie waliousomea."

Madereva wa malori wakacheka. Kijana akarudi nyuma, akakaa juu ya tairi bovu, akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza. Pesa ilinifanya nimwogope yule fundi, nikanyamaza mbele ya kijana aliyekuwa akinisaidia. Hilo linaniuma kuliko hizo milioni.

Betri mpya nazo zikashuka chaji wiki ile ile.

Rafiki yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Malaba, anayetengeneza waya za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Alikuja kwa boda boda, mita yake imefungwa kwa utepe mweusi, iko ndani ya mkebe wa majani ya chai. Hakufungua boneti. Alimwita opereta kwanza. "Mwanangu, wewe ndiye unashinda na huyu mnyama. Niambie anafanyaje." Kijana akamweleza habari ya kebo. Mzee akaiangalia: plastiki yake imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akatikisa kichwa. "Umeme umekosa njia yake, unapita kwa jirani."

Akaomba injini iwashwe. Akapima mgongoni mwa alteneta: 28.2. Akapima kwenye betri: 25.4. Akaniita nisome mwenyewe. "Hizo karibu tatu zimepotelea njiani. Tuzitafute." Akaweka waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri, mwingine akaukandamiza kwenye chuma kitupu cha injini. Mahali hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Pakasoma 2.6. Akaizima mashine, akachukua waya mnene wa kubusti, akaunganisha ncha hasi na injini moja kwa moja. "Piga sasa." Stata ilizunguka kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeisahau, injini ikawaka papo hapo.

Ugonjwa ulikuwa waya wa ethi, ule bapa wa kusukwa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye fremu. Injini inakaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme, kwa hiyo bila waya huo stata na alteneta zote zinakosa njia ya kurudi kwenye betri. Mzee alifungua boliti moja. Chini ya kile kijicho cha waya palikuwa na rangi. Rangi ya manjano, nene, laini, imetandazwa vizuri. Akaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi kwa juu. Kwenye betri: 27.9. Haikufika saa nzima. Malipo yake nikiyataja mtaona haya kwa niaba yangu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kuwatendea haki wale wa Kampala. Ile pampu waliyoiziba ni kavu mpaka leo, na kazi ya haidroliki wanaijua. Nilitaka kusema wapelekeeni pampu, umeme tafuteni kwingine. Lakini raba za injini nani alizibadilisha? Ule waya nani aliufungua ili aitoe injini kwenye raba zake, akapiga rangi, kisha akaufunga juu ya rangi? Ni wao. Walinitia ugonjwa, wakaniuzia dawa mbili za ugonjwa mwingine. Hapana, nimebadili mawazo. Hata pampu msiwapelekee.

Juzi walipiga simu kudai salio la betri. Nimewaambia salio lipo, nimeliweka pembeni. Wanirudishie alteneta yangu ya zamani, maana ilikuwa nzima na wao waliiita chuma chakavu. Na yule fundi aje nayo mwenyewe mpaka saiti, amwombe radhi opereta wangu mbele ya madereva wale wale waliocheka. Siku hiyo nitalipa.