Katriji za polima kwa maji ya Ziwa Victoria: uzoefu wangu

Kama unapima mabaki ya viuatilifu kwenye maji ya ziwa na bado umeng'ang'ania katriji za silika C18 kwa sababu ya unafuu wake, piga hesabu upya. Mimi nipo kwenye maabara ya chakula na maji hapa Mwanza. Sampuli zetu za maji nyingi zinatoka Ghuba ya Mwanza, za samaki zinatoka soko la Mwaloni Kirumba. Nimezitumia aina zote mbili, za C18 na za polima, na kwa upande wa maji nimeshahamia kwenye polima moja kwa moja.

Kwa ambaye hajawahi kuzishika: katriji ni bomba la plastiki lenye umbo la bomba la sindano, ndani yake kuna unga uliobanwa katikati ya vichujio viwili. Kazi yote iko kwenye unga huo, maana kila chembe imejaa vitundu vya ukubwa wa nanomita. Ule wa polima ninaoutumia umetengenezwa kwa divinilibenzini na vinilipirolidoni, na gramu moja tu ina eneo la ndani la takriban mita za mraba 800. Divinilibenzini hunasa vitu visivyopenda maji, vinilipirolidoni hushikana na maji na kuufanya unga ubaki umelowa. Kampuni ya Waters ilianza kuuza aina hii mwaka 1996 kwa jina la Oasis HLB, na siku hizi watengenezaji wengine wana za kwao. Unapitisha mililita 500 za maji, unavifungua vilivyonaswa kwa methanoli, unakausha kwa naitrojeni hadi ibaki mililita 1. Hapo kiuatilifu kimekolezwa mara 500. Bila kukoleza hivyo, mashine nyingi haziwezi kuona kiwango kama mikrogramu 0.1 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa kila kiuatilifu kwenye maji ya kunywa.

Matangazo yao yanajisifia hilo eneo la ndani. Kilichonishawishi mimi ni umeme wa hapa.

C18 ni silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18, nayo haipendi maji kabisa. Ndiyo maana unaianzisha na methanoli, kisha maji, halafu sampuli inafuata hapo hapo kabla unga haujapitiwa na hewa. Ukikauka katikati, minyororo inajilaza, maji hayaingii vizuri vitunduni, na kiuatilifu kinapita zake. Sasa weka katriji 12 kwenye rafu ya vakyumu, umeme ukatike, jenereta iwashwe, pampu ianze tena kwa nguvu. Zenye mkondo mwepesi zinamaliza maji mapema na kuvuta hewa, nyingine bado zinadondosha. Jibu lako linakuja la juu hapa na la chini pale, wakati maji yalitoka kwenye ndoo moja. Polima haisumbuki na hilo. Ikikauka baada ya kuanzishwa, bado inanasa, na sampuli tulizozitia kiasi tunachokijua cha kiuatilifu zinaturudishia majibu yanayokaribiana. Hilo peke yake linafidia bei, na bei yenyewe inauma kweli.

Shida ambayo hakuna katriji itakayokuondolea ni mwani. Ghuba ikigeuka kijani, maji yanaziba unga kabla hujafika nusu ya chupa. Chuja kwanza kwa karatasi ya nyuzi za kioo, na usijaribu kulazimisha pampu. Mililita 5 mpaka 10 kwa dakika zinatosha. Lakini angalia unachotafuta. Kama ni mikrosistini, ile sumu ya bakteria wa kijani-bluu, sehemu yake kubwa hukaa ndani ya seli hadi seli zipasuke. Ukichuja na kutupa karatasi, sumu umeitupa jalalani halafu unaandika ripoti kwamba maji ni salama. Gandisha na kuyeyusha sampuli mara tatu, seli zipasuke, ndipo uchuje. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mikrosistini-LR kwenye maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita, na polima inaikamata bila taabu.

Kwa samaki katriji za polima sizitumii. Sangara ana mafuta, na mafuta yanajaza vitundu kabla DDT haijapata nafasi. Huko natumia njia iliyotolewa na Anastassiades, Lehotay na wenzao mwaka 2003: gramu 10 za nyama iliyosagwa, mililita 10 za kiyeyusho cha asetonitrili, gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji. Kimiminika kinachobaki juu nakisafisha kwa unga wa PSA unaonasa asidi za mafuta, pamoja na unga wa C18. Hapo ndipo C18 inapostahili heshima yake. Kabla ya kusafisha, laza hiyo asetonitrili kwenye friza usiku kucha, mafuta mengi yataganda yenyewe bure. Mchicha na mboga nyingine za majani zinahitaji unga wa kaboni ili kuondoa ukijani, ila usimwage kwa wingi kwa sababu unameza pia viuatilifu vyenye molekuli bapa.

Wateja wengi wanauliza kama katriji ya polima inanasa glifosati, ile dawa ya magugu. Jibu ni hapana: inapenda maji kupita kiasi, inapita kwenye polima kana kwamba hakuna kitu. Atakayekuuzia katriji hii kwa kazi hiyo anakuibia.

Kuhusu ununuzi, kwa maji ya ziwa chukua ya miligramu 200 au zaidi. Ya miligramu 60 inazidiwa na uchafu wa asili. Kuna muuzaji mmoja alituletea za bei poa, zilizobanwa ovyo, nyingine zinapitisha maji kama bomba lililopasuka, nyingine zimegoma. Siku hizi kila toleo jipya likifika, kabla sampuli ya mteja haijaguswa, napitisha maji safi kwenye katriji chache na kuangalia kama plastiki yenyewe haitoi kitu. Toleo likifeli, boksi zima linarudi.