Puli ya kuchongwa Gerezani kwa mashine ya santuri ya Dual 1219

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikisikiliza santuri kwenye mashine ya Dual 1219 ambayo vipuri vyake viwili havikutoka kiwandani: puli ya mota, yaani kigurudumu kinachokaa kwenye mhimili wake, iliyochongwa kwa shaba ya manjano katika karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, na kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli kisichofika urefu wa sentimita moja. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenye mashine za zamani zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani, kwa sababu mashine hizo huja na ugonjwa wa kuzunguka polepole ambao mafundi wengi wa redio hawautambui, na karakana hii, pamoja na kasoro nitakazozieleza, iliutambua na kuutibu.

Dual ni kiwanda cha St. Georgen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, na jina lake lilitokana na mota waliyoitoa mwaka 1927 iliyoweza kuzungushwa ama kwa umeme ama kwa springi ya kutia ufunguo. Modeli ya 1219, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1970, ina sahani nzito ya kilo 3 hivi, mkono unaojinyanyua na kujilaza wenyewe, na mota inayozungusha sahani kwa kupitia gurudumu dogo la mpira lililobanwa kati ya puli na ukingo wa ndani wa sahani. Yangu aliinunua mjomba wangu alipokuwa masomoni Marekani, akarudi nayo ikiwa imefungwa ndani ya mablanketi, na ikakaa juu ya kabati kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nilinunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 hadi 110, nikaichomeka mashine nikidhani kazi imekwisha. Muziki ulitoka umelegea, mwimbaji wa kike wa taarabu akisikika kama mwanamume aliyeamshwa usingizini. Sababu ni kwamba transfoma hubadili volti peke yake, ilhali mota ya aina hii hufuata mawimbi ya umeme. Marekani umeme una mawimbi 60 kwa sekunde, na kwetu ni 50, kwa hiyo mota hupoteza moja ya sita ya mwendo wake, na santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka kama mara 28 tu. Kitufe cha kurekebisha mwendo kilichopo kwenye 1219 huongeza asilimia chache, nacho hakiwezi kufidia pengo la namna hiyo. Dawa inayojulikana ni kuweka puli nene zaidi, na hesabu yake ni rahisi: popote palipokuwa na kipenyo cha milimita 10 pawe na 12.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye hakuwa wa karakana hii, aliielewa hesabu hiyo kwa njia ya mkato. Aliizungushia puli utepe mweusi wa umeme hadi mwendo ukakaribia, akanitoza elfu ishirini. Baada ya wiki mbili utepe ulilainika kwa joto la mota, gundi ikahamia kwenye gurudumu la mpira, na mashine ikaanza kuyumba kama mlevi. Kuiondoa ile gundi kwa spiriti kulinichukua jioni nzima.

Karakana ya Gerezani haina kibao mlangoni, na kazi yake ya kila siku ni kuchonga bushi na shafti za magari na za mashine za kusaga. Sikutarajia makubwa. Niliwapelekea puli ya zamani pamoja na karatasi ya vipimo niliyoiandaa mwenyewe, na mzee anayesimamia mashine ya kukereza aliitazama karatasi kwa muda mfupi, akaiweka kando, kisha akauliza kama naweza kuleta mota yenyewe. Nilipomwambia kwamba vipimo vyote vipo pale, alinijibu, "Kijana wangu, ukubwa si kazi. Kazi ni katikati."

Nilikuja kumwelewa baadaye. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kipenyo cha milimita 10 ni asilimia 1, na kosa hilo kitufe cha mwendo hulimeza bila shida. Lakini tundu la puli likikaa nje ya katikati hata kwa kiasi kilicho kidogo kuliko hicho, mwendo hupanda na kushuka kila mota inapozunguka, na hakuna kitufe cha kulirekebisha. Kwa hiyo alipima mhimili wa mota kwa vania, kipimo cha chuma cha unene na vipenyo, sehemu tatu, akalitoboa tundu kwanza, akaifunga shaba kwenye pini iliyopita katika tundu hilo hilo, ndipo akakereza ngazi tatu za nje, moja kwa kila mwendo wa santuri. Kila ngazi ina mteremko mdogo usioonekana kwa haraka, nao ndio unaokiwezesha kitufe cha mwendo kufanya kazi, kwa kuwa hulipandisha na kulishusha gurudumu la mpira juu yake. Miteremko hiyo aliinakili bila mimi kumkumbusha. Nyumbani niliweka juu ya sahani karatasi yenye mistari 180, nikaimulika kwa balbu ya zamani ya waya, ambayo kwa umeme wetu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na baada ya kukigusa kitufe kidogo mistari ilisimama tuli kama iliyochorwa mezani, dalili kwamba mwendo ni sahihi.

Kipuri cha pili ni cha bei ya chini mno. Chini ya mashine kuna pini yenye kofia ndogo ya mpira, ambayo kwa msuguano wake huusukuma mkono kutoka kwenye kitako hadi juu ya santuri. Kwenye mashine za umri huu kofia hiyo huwa imeoza au imedondoka, na dalili yake ni mkono kunyanyuka, kubaki pale pale, kisha kujilaza tena. Mpira wa valvu ya baiskeli unaingia pini hiyo vizuri. Kijana wa karakana alikata cha kwanza kirefu mno, mkono ukaburutwa hadi katikati ya santuri, kisha akakipunguza kwa wembe mpaka ukawa unashuka kwenye mtaro wa mwanzo kila mara.

Kwenye gurudumu la mpira ndipo walipokosea. Waliuona mpira wake umekuwa mgumu wakaubandikia pete iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, bila kuniuliza. Unene wa gurudumu hilo haubadili mwendo wa sahani, maana ni mpitishaji tu kati ya puli na ukingo, lakini tyubu ina mshono, na mshono ule ulitoa mgongano mzito uliosikika kwenye spika kila gurudumu lilipozunguka. Nilirudi. Pete ilibanduliwa, mpira wa asili ukasuguliwa kwa msasa laini huku gurudumu likizunguka kwenye mashine, na ngurumo ikaisha. Jambo hilo walipaswa kulifanya tangu mwanzo, na elfu nane waliyonitoza kwa ile pete hawakunirudishia.

Puli ilinigharimu shilingi 45,000, bei ninayoiona ya haki kwa kazi ya namna hiyo. Muda ni hadithi nyingine: siku tatu nilizoahidiwa zikawa kumi na saba, nyingi zikiwa za "njoo kesho mchana". Anayekwenda aende na mota, wala asiwape kazi ya sindano inayosoma santuri, kwani ncha yake ni almasi iliyochongwa kwa vipimo ambavyo vania haivioni. Hiyo inunuliwe ya dukani. Ngazi ya mwendo wa mara 78 kwa dakika waliichonga pia, ila bado sijaijaribu, kwa kuwa santuri za mwendo huo zinataka sindano nene zaidi ambayo sinayo.