Tone lililokataa kutulia: miezi minne na moduli ya mvutano wa uso

Wiki ya kwanza nusura niifute kabisa kwenye kompyuta moduli hii, yaani kipande cha programu ya kuiga mwendo wa maji na hewa kinachokokotoa mvutano wa uso, ile nguvu inayokaza uso wa maji.

Nilianza na jaribio jepesi: tone moja la maji hewani, nusu kipenyo milimita 1, upepo hakuna, graviti nimeizima. Tone la namna hiyo halina pa kwenda. Kanieneo ya ndani izidi ya nje kwa paskali 146 hivi (mvutano wa uso, 0.073 N/m, mara mbili, gawa kwa nusu kipenyo), basi. Kanieneo ikaja vizuri. Nilipochora mishale ya kasi ndipo nikaona maji na hewa vinazunguka pande zote za tone, kana kwamba kuna mtu anavikoroga.

Ni mikondo ya uongo: mwendo unaozaliwa na makosa ya hesabu, si wa tone halisi. Moduli hii, usipoigusa, hutumia njia ya Brackbill na wenzake ya 1992: nguvu iliyopo usoni tu mwa tone hutandazwa kwenye seli chache za mpakani (seli ni vijisanduku ambavyo programu hugawia nafasi; vyote pamoja ni gridi). Wazo zuri, ila linahitaji mpindo wa uso, yaani uso umepinda kiasi gani, na programu inachojua ni kila seli ina maji kiasi gani, kuanzia 0 hadi 1. Namba hiyo huruka ndani ya seli moja au mbili. Tafuta mteremko wake (inavyobadilika toka seli hadi seli), kisha mteremko wa mteremko, uone utapata nini: mpindo wenye makosa, na nguvu yenye makosa inayosukuma maji ovyo.

Nikadhani dawa ni gridi ndogo zaidi. Kosa langu hilo. Ukipunguza seli kwa nusu katika vipimo vitatu, idadi yake inakuwa mara 8, na hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) lazima ipungue karibu mara 2.8, la sivyo mawimbi madogo ya usoni yanalipua hesabu. Kompyuta ilihema usiku kucha, mikondo ikabaki palepale.

Kilichoniokoa ni mstari mmoja uliojificha kwenye mwongozo: badili mpindo uende kwenye njia ya vimo. Hii hujumlisha maji ya safu nzima ya seli, ikapata kimo, kisha mpindo unatafutwa kwenye vimo hivyo, ambavyo haviruki. Tone likatulia. Matone madogo sana, yasiyofikisha seli tano kwenye nusu kipenyo, bado yanatikisika, maana hapo safu hazitoshi.

Naipa nyota nne. Ya tano nitawapa siku watakayoifanya njia ya vimo iwe chaguo-msingi.