Funza wakavu wa nzi askari mweusi: protini inaridhisha, mafuta yapigiwe hesabu

Funza wa nzi askari mweusi, mdudu anayefugwa kwa ajili ya chakula cha mifugo na samaki, wakiwa wakavu na wasiokamuliwa mafuta, huwa na protini ya asilimia 40 hadi 45 na mafuta ya asilimia 30 hivi. Wanunuzi wengi hutazama namba ya kwanza tu. Kwa sato wa kunenepesha, ya pili ndiyo inayoamua. Ukichanganya funza na pumba za mahindi peke yake mpaka protini ifike asilimia 30, funza watazidi nusu ya chakula na mafuta yatapita 20. Samaki atajaza mafuta tumboni, minofu ibaki pale pale.

Mchanganyiko tunaoupendekeza kwa kilo 10: funza kilo 2.5, mashudu ya soya yaliyokamuliwa vizuri kilo 4, pumba kilo 3, unga wa muhogo gramu 400, vitamini na madini gramu 100. Protini inafika 31, mafuta yanabaki karibu 10. Muhogo upikwe uji kwanza. Ukitiwa mkavu, punje hazishikani na huyeyuka majini kabla hazijaliwa.

Hata hiyo protini iliyoandikwa kwenye mfuko imekuzwa kidogo. Maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini, ilhali sehemu ya naitrojeni hiyo imo kwenye kitini ya ganda, ambayo si protini. Kwa funza hawa 4.76 iko karibu zaidi na ukweli, hivyo 42 inashuka hadi 32. Mchanganyiko wetu nao unakuwa karibu 29, na sato mkubwa bado anatosheka.

Kabla ya kulipa, vunja funza mmoja. Akikatika kwa mlio, ni mkavu. Akipinda, ana unyevu na ukungu utamkuta stoo. Rangi iwe kahawia iliyokolea dhahabu. Weusi mara nyingi ni dalili kwamba hakuchovywa kwenye maji ya moto kabla ya kukaushwa. Harufu ya mafuta yaliyoharibika ikikupiga puani, acha mfuko huo hapo hapo.

Kusaga ndiko kero kubwa: mafuta huziba chekeche ya mashine. Saga funza pamoja na pumba, kidogo kidogo.

Waliokamuliwa mafuta, wenye protini ya 50 na zaidi, hawana shida hiyo. Vifaranga wa sato wasipewe funza kama chanzo pekee cha protini: methionini, kiini kimojawapo cha protini, ni haba na mafuta ya omega-3 karibu hayapo, kwa hiyo unga wa samaki ubaki kwenye chakula chao.