Ekstano ya TB 1: niliipima kwanza, ndipo nikaiamini

Nianze na ekstano, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, niliyonunua mwaka juzi, maana ndiyo iliyonitia adabu. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kidude kidogo kama kiberiti, ubavuni kimeandikwa TB 16, bei chee. Nilipokichomeka, kompyuta nayo ikasoma TB 16 bila kusita. Nikahamishia picha zote za nyumbani, nikafuta za kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Wiki mbili baadaye folda zipo, majina ya picha yapo, ukifungua hakuna kitu. Nikakipasua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu ya GB 64 iliyobandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kukiongezea uzito mkononi. Ubatizo wa binti yetu ulikwenda na maji hivyo.

Safari hii nikashuka Kariakoo mwenyewe. Nilitaka TB 1 ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka ndani, inchi 2.5. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni nyepesi na ina kasi zaidi, lakini mimi natafuta ghala, na ghala halihitaji mbio. Nililipa Sh. 165,000, nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti ya mwaka mmoja. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yangekukuta hata ukinunua nyingine. Nilipomwomba kijana wa dukani aichomeke kwanza kwenye laptopu yake nione, akacheka: "Bosi, nikishachana hii nailoni halafu wewe usipoichukua, nimuuzie nani?" Ana haki yake. Nikalipa, akachana.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, ya Windows 10, iliyokaa chini ya meza. Kwa uvivu wa kuinama nikachomeka kwenye tundu la mbele. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Kisha sauti: tik... tik... tik. Mke wangu akatoa kichwa jikoni. "Baba Neema, umenunua saa ya ukutani?" Moyo ulinienda mbio, nikajua nimeshaibiwa tena.

Kumbe diski haikuwa na kosa. Matundu yale ya mbele ni ya USB 2.0, na tundu la aina hiyo linatakiwa kutoa miliampea 500 tu. Langu linapata umeme wake kupitia waya mwembamba kutoka kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta; sidhani hata hizo linafikisha. Sahani ikitaka kuanza kuzunguka, umeme hautoshi, inajaribu tena, na mlio unatoka hapo. Nikaingia uvunguni na tochi ya simu, nikachomeka nyuma kwenye tundu la buluu, ambalo ni USB 3.0 na hutoa hadi miliampea 900. Mlio ukakoma palepale. Ukisikia ekstano mpya inatiktika, badili tundu kabla hujapanda daladala kwenda kugombana na mtu.

Jambo lingine la kutogombania: kompyuta itakuonyesha GB 931, si 1,000. Hujapunjwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti ndiyo hiyo.

Sasa kipimo, ambacho nakusihi ukifanye kuliko vyote. Kabla sijaweka hata picha moja, nilishusha H2testw, programu ndogo ya bure kutoka Ujerumani. Inajaza diski yote kwa faili zake za GB moja moja, kisha inarudi kuzisoma zote kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Diski ya uongo haiponi hapo, kwa sababu inaweza kudanganya ukubwa wake lakini haiwezi kurudisha kitu isichokuwa nacho. Nilianza saa mbili usiku. Mwanzoni iliandika kwa MB 130 kwa sekunde, ikawa inashuka kidogo kidogo hadi sabini na kitu. Hilo nalo lisikutishe: inaanzia ukingoni mwa sahani, ambako mzunguko mmoja una nafasi kubwa, inaishia karibu na kitovu. Kuandika kuliisha saa tano kasoro robo, kusoma kukaisha saa saba na nusu. Hakuna kosa hata moja. Kwenye lile tundu la mbele ningekesha hadi asubuhi na bado kusoma kusingeisha.

Nikaangalia pia kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, imetumika saa ngapi tangu itoke kiwandani. Zilikuwa sita, zote zangu za usiku ule.

Kuhusu kufomati, yaani kuiandaa diski kwa mfumo wa kupanga mafaili, ilikuja na mfumo wa exFAT. Wengi wanaiacha hivyo kwa kuwa Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandikia, na kama una vifaa mchanganyiko, iache. Mimi niliifomati upya kwa NTFS, mfumo wa Windows, kwa sababu moja: umeme wetu. NTFS huandika kwanza kwenye daftari lake inachotaka kufanya, ndipo ifanye, kwa hiyo umeme ukikatika katikati inajua ilipoishia. exFAT haina daftari hilo. Hasara nimeiona: shemeji alikuja na MacBook yake, anafungua picha zetu vizuri, lakini kuweka zake hawezi.

Na umeme ulikatika kweli, siku ya pili, nikiwa katikati ya kuhamisha GB 310. Video zilikuwa zinakwenda MB 110 kwa sekunde, ila tulipofika kwenye folda ya WhatsApp yenye vipicha maelfu, kasi ikaanguka hadi 9, ndipo giza likaingia. Uliporudi nilikuta faili moja tu imekatika. Nilikuwa natumia robocopy, amri ya kunakili mafaili iliyomo ndani ya Windows yenyewe, nayo hairudii ambavyo vimeshafika, inaendelea na vilivyobaki. Naiandika na /E, inayonakili folda zote na zilizomo ndani yake, siyo /MIR kama wanavyopenda mafundi, kwa sababu /MIR ukifuta kitu kwenye kompyuta inakwenda kukifuta na kwenye diski. Nyumba yenye watoto wawili wanaogombania kibodi haiwezi kuishi na amri hiyo. Na safari hii sikufuta chochote kwenye kompyuta. Picha ziko pande zote mbili.

Wiki tatu sasa. Haipati moto, haina kelele, na siichomoi kabla sijabofya alama ya kuiondoa kwa usalama. Ninachoilalamikia ni kebo: haifiki hata nusu mita. Kutoka nyuma ya kompyuta haifiki mezani, na kuiacha diski ining'inie ikiwa inazunguka ni kuitafutia kifo. Nimeilaza juu ya kompyuta yenyewe, chini yake nimeweka ndala kuukuu niliyoikata katikati ili isiteleze. Mke wangu anasema ni Sh. 165,000 zilizolala juu ya ndala.