Kaunta ya jikoni imechakaa na pesa ya graniti hakuna: nunua nini kwanza?

Kabla uulize bei ya chochote, enda pale sinki imekatiwa ubonyeze na kidole gumba. Ikiwa panabonyea kama mkate uliolowa chai basi chipubodi ya ndani (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa na gundi) imekunywa maji, na hakuna rangi wala stika itaiponya, hicho kipande kinakatwa kinabadilishwa. Ikiwa ni pagumu, uko sawa, hesabu ianze.

Mi naweka namba moja fomaika mpya, ile shiti nyembamba ngumu ya juu ya kaunta, kubandikwa juu ya ile ya zamani, na najua wengi hata hawaifikirii. Shiti moja ni futi 8 kwa 4, ukiipasua kwa urefu unapata vipande viwili vya karibu sm 61, na kaunta nyingi ni sm 60, so shiti moja inakufunika karibu mita 5 na jikoni nyingi za fleti hazifiki hapo. Pitia kwa mafundi wa fanicha pale Ngong Road, Nairobi, uulize kama wana mabaki, ukibahatika unalipa nusu shiti tu. Kazi iko kwa gundi: inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke mpaka isishike kidole, halafu zikigusana ndo basi, husogezi tena, so fundi mzuri utamwona akipanga vijiti katikati akivuta kimoja kimoja. Akikuja bila vijiti, uliza maswali. Na gesi ifungwe kabisa siku hiyo, mvuke wa hiyo gundi unashika moto haraka.

Namba mbili ni rangi. Ni rahisi kwa mfuko lakini haitaki haraka, na hapa ndo watu wengi huharibu. Fomaika ni karatasi zilizolowekwa kwa plastiki zikagandamizwa kwa moto, ilibuniwa Marekani mwaka 1912 kuzuia umeme badala ya madini ya mika, haikutengenezwa inywe kitu, so rangi haina pa kushika. Lazima uoshe mafuta yote (nyuma ya meko utashangaa), upige msasa mpaka ule mng'aro uishe, upake praima ya kushika mahali laini, ndo rangi ya mafuta, halafu vanishi ngumu juu. Pesa ya praima usiibanie, afadhali ununue rangi ya bei ya chini kuliko kuruka praima. Yangu niliiruka. Kwetu maji huja kwa zamu, jerikeni hukaa kwa kaunta ikiwa na maji chini, na siku moja niliinua jerikeni nikainua na rangi, duara safi kabisa kama chapati. Hata ukifanya kila kitu sawa, ikauke wiki kadhaa kabla uanze kuisugua na kuiwekea vitu vizito, na chapati usukumie kwa ubao wake.

Stika ya kujibandika yenye sura ya mabo (marumaru) nimeiweka tatu, lakini kama nyumba ni ya kupanga na landilodi hataki kuona msumari, kwako ndo ya kwanza. Inatoka ukiipasha na draya ya nywele. Angalia upana kabla ulipe: roli nyingi ni sm 60, kaunta ni sm 60, na bado kuna ule mdomo wa mbele wa sm 3 ama 4, so unabaki na kiungo mahali tumbo lako hugusa kila siku ukiosha vyombo. Tafuta pana zaidi. Sufuria ya ugali ikitoka kwa moto isikanyage hapo.

Epoksi, ile ya maji mawili unayochanganya ukamwaga juu ya kaunta ikagande, inapendeza kwa video, mi siipendi kwa bajeti. Piga hesabu: kaunta ya mita 3 kwa sm 60, unene wa mm 3, ni lita 5 na nusu hivi, na hiyo ni kabla imwagike pembeni. Ukichanganya ndoo nzima mara moja inajipasha yenyewe mpaka itoe moshi. Glavu na madirisha wazi, usibishane.

Tailsi juu ya chipubodi, hapana. Uzito, nyufa, na unga wa chapati kunasa kwa kila mstari.

Chochote utachagua, ongeza silikoni ya jikoni yenye dawa ya ukungu kwa listi, uzibe sinki mwisho wa kazi, halafu mfereji usiguswe mpaka kesho yake. Jerikeni ihamie chini.